Kiangazi Bila Kufuli

Nilifika Nalufenya saa saba mchana, mwezi wa kumi na mbili, nikiwa na mfuko mmoja na kiu. Lori nililokuwa nikifanyia kazi ya tanboi, yaani msaidizi wa dereva, lilikuwa limeuzwa kule mpakani, na tajiri mpya alikuja na tanboi wake. Nikafanya kama nilivyozoea kufanya kila nilipokosa njia: nikaenda kwa dada yangu. Yeye hupika katika kantini moja karibu na kambi ya jeshi, upande wa Kimaka, na nilijua hatakuwa nyumbani. Lakini shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu, na nilitarajia kuwakuta watoto wake watatu wakicheza uani.

Uani hapakuwa na mtu. Mlangoni palikuwa na kufuli kubwa kama ngumi.

Nilikuwa nimeshageuka niondoke niliposikia mtu akikohoa ndani. Nikabisha. Sauti ya msichana ikasema, kama anayesoma ubaoni, kwamba mama ameenda kazini na hawafungui. Nikasema ni mimi, mjomba wao. Kisha vidole vinne vidogo vikatokeza chini ya mlango vikipapasa. Nikavishika. Vilikuwa vya moto kama vya mtu mwenye homa.

Nyumba ile ina chumba na sebule, na juu ni mabati matupu, hayana dari. Aliyekaa Jinja wakati wa kiangazi anajua mabati hayo hufanya nini jua likiwa utosini: yanapanuka na kulia, tik, tik, kama mtu anayehesabu. Nilichota maji kwenye bomba la jirani, nikapanda juu ya pipa, nikamwaga ndoo moja paani. Mvuke ukapanda. Ndani walipiga kelele za furaha, "Mjomba, tena!" Nikamwaga ndoo nyingine, na nyingine, mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuna moto.

Mchana wote ule nilikaa nje ya dirisha lao, wao wakiwa nyuma ya nondo na wavu wa mbu, nikiwasimulia habari za barabara. Na ni kupitia wavu ule ndipo mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na miwili, aliponinong'oneza jambo. Wiki iliyotangulia, mdogo wao wa miaka sita alilala mchana na hakuamka walipomwita. Walimmwagia maji yote ya kunywa waliyokuwa nayo ndipo akafumbua macho. Walikubaliana wasimwambie mama, maana angelia, kisha kesho yake angelazimika kwenda kazini vilevile.

Dada alirudi magharibi. Hakunisalimu kwanza. Alitazama ukuta uliolowa, akatazama paa, akasema, "Leo mvua imenyesha kwangu peke yangu?"

Alipomaliza kupakua chakula nikamwambia kuhusu kufuli. Hakukasirika, alikuwa na jibu tayari, la mtu aliyekwisha kubishana na nafsi yake. Likizo ya miaka miwili iliyopita, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwake alikwenda mtoni na wenzake kupoza mwili. Walimpata siku ya pili. Dada ndiye aliyepika matangani. Nalufenya, alisema, kila njia ukiifuata inakupeleka majini, na yeye kuanzia alfajiri hadi jioni yuko kwenye masufuria ya watu.

"Mtoto akilalamika joto, angalau analalamika," alisema. "Aliyezama halalamiki."

Ndipo nikamwambia kile nilichonong'onezwa. Sikupenda kuvunja siri ya watoto, lakini niliisema. Dada alikaa chini, upawa ukiwa bado mkononi. Alipofungua mdomo tena alikuwa anauliza nani atawalinda. Nikasema mimi. Akacheka kicheko kile alichokuwa nacho tangu utotoni, cha puani.

"Wewe? Wewe hata viatu huvimalizii mahali pamoja. Cha kulia kinachanika Busia, cha kushoto unakitupa Tororo."

Ilikuwa kweli. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu lori lilipita na nikataka kujua linakwenda wapi, na tangu siku hiyo sijawahi kukaa mahali hata miezi miwili. Nikamwambia anijaribu hadi shule zitakapofunguliwa. Akavua ufunguo shingoni, maana aliuvaa kwa uzi kama hirizi, lakini hakunipa kabla ya kuweka sharti. Siku atakayosikia mtoto mmoja hajulikani alipo, hata kwa muda wa kuchemsha chai, kufuli litarudi mlangoni na mimi nitarudi barabarani.

Nikakubali. Usiku huo huo nikatambua kwamba sijui kitu chochote kuhusu kulea.

Nilichojua ni lori. Basi asubuhi yake niliwaambia kwamba kuanzia leo sisi ni lori. Mkubwa akawa Dereva. Wa pili, mvulana wa miaka tisa anayefungua kila kitu chenye parafujo, akawa Fundi. Mdogo nilimpa jerikeni la njano la lita tatu, lenye maji, chumvi kidogo na sukari, nikamwambia wewe ni Mwenye Mzigo. Bila mzigo lori halina maana ya kusafiri. Kila mabati yatakapoanza kulia, wewe ndiye utakayeamuru tunywe, na hakuna wa kukukatalia.

"Na wewe, Mjomba?" akauliza.

Dereva akajibu kabla yangu. "Mjomba ni tanboi. Si ndiyo kazi yake?"

Kwa hiyo nilikuwa tanboi tena. Lori liliondoka alfajiri, kabla ya joto, likazunguka mtaa, likapeleka ujumbe, likachota maji, likatembelea watu. Mafundi wa baiskeli, mama wa cherehani, mzee anayenoa visu: sikuwa na aibu ya kuuliza mtu yeyote anafanya nini na kwa nini, na watoto wakajifunza ufidhuli huo kwangu. Saa tano lilipaki upande wa nyuma ya nyumba, ukuta unapotupa kivuli, chini ya turubai nililolifunga kwa mafundo ya kufungia shehena. Hapo nilichora barabara yote kwenye vumbi, kutoka Mombasa hadi Kampala, na kila siku tulipita mji mmoja: nani anauza nini pale, mizani iko wapi, mlima gani unachemsha injini.

Kwenye malori, kila mnaposimama, tanboi huzunguka na nyundo akigonga matairi. Tairi zima hulia. Lenye pancha hunyamaza. Fundi alipewa kijiti. Kila tuliposimama aligonga nyayo za kila mtu, na kila aliyegongwa aliitika, "Limejaa!" Hata nyayo zangu. Mara ya kwanza wapita njia walicheka. Mara ya kumi walianza kutusaidia kuitika.

Siku moja Fundi aliuliza kwa nini lami kwa mbali inaonekana kama ina maji, na ukifika hakuna. Nilikuwa nimeyaona maji yale miaka kumi na mitatu kutoka juu ya malori na sikujua. Tukaenda wote wanne kulala kifudifudi kando ya barabara, kusoma jambo lile kwa karibu, mpaka mwendesha boda boda akasimama kuuliza nani amegongwa. Hatukupata jibu. Jioni dada akasikia mjadala, na kesho yake, bila kuombwa, akamuuliza afande mmoja anayekula kwake. Alirudi na maelezo: hewa ya moto hupinda mwanga, na kile unachoona chini ni mbingu. Alitueleza kwa fahari, upawa hewani, na nikaona kwamba anaanza kuingia ndani ya lori.

Somo ambalo sikuliona kuwa kubwa nililitoa siku ya mvua moja fupi, tukiwa hatuna la kufanya. Dereva aliuliza inakuwaje lori likiharibika mahali pasipo na watu. Nikawaonyesha. Unasimama kando. Unakata matawi mabichi, unayapanga barabarani hatua nyingi nyuma yako na hatua nyingi mbele, ili kila anayekuja ajue kuna gari bovu. Kisha unakaa. Hutembei, hata kama jua linawaka, hata kama mtu mwema anakuambia panda kwangu nikusogeze, kwa sababu fundi ametumwa kwenye gari lililosimama, na asipolikuta atalitafuta wapi? Nikawaambia kwamba mtoto aliyepotea ni gari lililoharibika. Tukacheza mchezo huo mara mbili au tatu. Mwenye Mzigo aliupenda kwa sababu ya matawi.

Wiki moja kabla ya Krismasi, mama yetu alituma ujumbe kutoka Nakaloke kwamba anataka wajukuu. Dada alifurahi kuliko sisi. Kule karibu na Mbale hakuna ziwa wala mto mkubwa, alisema. Kule angelala usingizi. Mimi pia nilifikiri hivyo. Niliwapeleka mwenyewe, na watoto wakakumbatiwa na bibi yao, wanayemwita jaja, wakapewa uwanja mpana wenye mifenesi na kuku, na mimi nikajiona nimeshinda.

Nilikuwa nimesahau hesabu ambayo mtoto yeyote wa kule haisahau. Wagisu wa milimani huwatahiri vijana wao mwaka mmoja na kuruka mmoja, na mwaka ule ulikuwa wa tohara. Walio shuleni husubiri likizo ya Desemba. Kabla ya kisu, kijana huzunguka kwa jamaa zake akicheza, uso umepakwa unga, njuga mapajani, na ngoma nyuma yake, na nyuma ya ngoma kijiji kizima. Mama hakunionya. Baadaye aliniuliza kama mtu aliyezaliwa hapa anahitaji kuambiwa mwaka wa ngoma ni upi.

Siku ya tatu mama alikwenda mazishini. Mimi nilibaki na watoto. Yapata saa nane, joto likiwa limelaza hata kuku, nikasikia ngoma upande wa barabara.

Nitasema kama ilivyokuwa. Niliwaambia watoto wabaki chini ya mfenesi, nikatoka kutazama kwa muda mfupi tu. Walipita mbele yangu, watu mia au zaidi, kijana katikati akiruka na fimbo mbili mikononi, na ngoma zile haziingii masikioni, zinaingia magotini. Nilitaka kuona jinsi mpigaji wa ngoma ndefu anavyoishika begani. Nikasogea hatua kumi. Kisha hatua kumi zikawa nyumba kumi. Nilipotambua kwamba nacheza, nilikuwa nimefika kwenye kona, na jasho linanitiririka.

Nikarudi mbio. Dereva na Fundi walikuwa barabarani, wakinitafuta mimi. Walinifuata, walisema, kwa sababu nilikawia, wakidhani mdogo yuko nyuma yao. Fundi hakungoja kuambiwa. Alichukua kijiti akagonga unyayo wangu, akagonga wa dada yake, akaugonga wake mwenyewe. Kisha akabaki ameinama, kijiti kikigusa vumbi mahali ambapo hapakuwa na mguu.

Mwenye Mzigo hakuwepo chini ya mfenesi. Hakuwepo chooni, wala jikoni, wala kwa jirani. Jerikeni la njano pia halikuwepo.

Tukaifuata ngoma. Tulikimbia kwenye lami, tukaingia njia ya vumbi kati ya mihogo walikokata kona, tukawafikia mbele ya nyumba moja wakipewa pombe. Nilipita katikati ya watu wale nikiinua watoto mmoja mmoja kuwatazama nyuso. Kulikuwa na watoto wengi mno, na kila mmoja alikuwa wa mtu mwingine. Mama mmoja aliniuliza kama nimeona wake, wawili wadogo. Nikamwambia sijaona.

Hapo simu ikalia. Ilikuwa saa tisa, saa ambayo masufuria ya dada hutulia na yeye hupiga kila siku. Nilitazama jina lake likiwaka. Kufuli nililiona waziwazi, na vidole chini ya mlango. Ningeweza kuiacha ilie. Nikapokea.

"Wako wote?" akauliza, kama kila siku.

"Mmoja hayupo. Mdogo. Namtafuta."

Nilisikia kitu cha chuma kikiwekwa chini taratibu.

"Tafuta," akasema, na simu ikakatika.

Nilianza kukimbia tena, sijui kwenda wapi. Dereva akanishika shati. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi na machozi, lakini sauti yake ilikuwa ile aliyoitumia kutuendesha mtaani Nalufenya.

"Mjomba, tunamtafuta kama mtu anayetembea," alisema. "Hatembei. Ameharibika. Tutafute matawi."

Nilimtazama kama mtu anayesikia lugha yake mwenyewe ikisemwa ugenini. Tukarudi ile njia tuliyoijia, safari hii polepole, Fundi kushoto, Dereva kulia, mimi katikati, na yule mama wa watoto wawili nyuma yetu, ingawa hakuelewa tunatazama nini ardhini. Tulipita shamba la mihogo. Tulipita darajani. Na pale ambapo kijia chembamba kinaachana na njia kubwa, mahali tulipopita mbio bila kugeuza kichwa, palikuwa na tawi bichi limelazwa vumbini. Hatua chache mbele, jingine. Na jingine.

Boda boda moja ilikuwa imesimama katikati ya njia, na mwenyewe ameshuka, anakuna kichwa.

"Bwana," akaniuliza, "wewe ndiye fundi wa lori?"

Lori lilikuwa kivulini, nyuma ya kichaka. Mwenye Mzigo alikuwa amekaa wima, miguu imenyooshwa, na pembeni yake wamekaa wadogo wawili, labda wa miaka mitatu na minne, miguu yao pia imenyooshwa kama matairi. Uso wake ulikuwa na jasho na tope la machozi yaliyokwisha kukauka. Alikuwa amenifuata, akapoteza miguu yangu ndani ya miguu ya watu, na alipoona hajui mahali pale akaharibika, kama alivyofundishwa. Wale wawili aliwakuta wakilia, akawavuta kando kwa sababu, alisema, huwezi kuacha magari mabovu barabarani. Mwenye boda boda alishuhudia mengine. Alijitolea kumpeleka kituo cha polisi, akakataliwa kwa heshima zote: gari likiharibika halipandi pikipiki. Akakaa kusubiri, akitaka kumwona huyo fundi atakayekuja.

Fundi akaja. Alipiga magoti, akagonga unyayo wa mdogo wake kwa kijiti.

"Limejaa," akasema Mwenye Mzigo. Kisha akaniinulia lile jerikeni, na mdomo wake ukaanza kutetemeka, kwa sababu alidhani amekosa. "Lakini mzigo umepungua, Mjomba. Waliona kiu."

Nilimbeba. Yule mama alikuwa amewakumbatia wake wawili, akizungumza nao kwa Lugisu haraka haraka, na mwenye boda boda alikuwa anayaokota matawi barabarani na kuyaweka kando, kama mtu wa barabara anayejua desturi.

Nilipiga simu. Dada alikuwa tayari njiani, amekwisha kupita Iganga ndani ya teksi, na aproni yake mwilini. Hakushuka.

Alifika kabla jua halijazama. Aliwashika watoto mmoja mmoja, akamshika mdogo mara mbili, kisha akafungua mkoba, akatoa kufuli, akaliweka juu ya mkeka kati yetu. Sikujitetea. Niliposimulia sikujipunguzia hata hatua moja kati ya zile nilizocheza. Nilikuwa nimempoteza mtoto kwa muda wa kuchemsha chai nyingi, na makubaliano yalikuwa makubaliano. Mfuko wangu nilikuwa nimeshaufunga.

Alimgeukia mdogo, akataka aonyeshwe mahali penyewe. Tukaenda wote, jaja yao pia. Mwenye Mzigo aliyapanga upya yale matawi, ambayo sasa yalikuwa yamenyauka kingo, akaeleza nyuma ni wapi na mbele ni wapi, akakaa kivulini akanyoosha miguu. Dada alisimama akimtazama. Akapita mtu na baiskeli yake, akaona matawi, akashuka, akaanza kuikokota kwa tahadhari akitafuta gari bovu kwa macho. Dada akacheka. Si kile kicheko cha puani.

"Miaka miwili kufuli hili linakaa na wanangu," alisema, "na halijamfundisha hata mmoja lolote." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, ukisikia ngoma tena, ujifunge kwenye mti."

Kufuli halikurudi Jinja. Mama yetu aliliomba, na mpaka leo linafunga banda la kuku Nakaloke, ambako kuna mbweha.

Mimi nilirudi. Januari yote, jua likiwa kali kuliko Desemba, lori liliendelea Nalufenya. Watoto wa majirani walianza kuja mmoja mmoja, wa kwanza akiwa dada yake yule aliyezama, aliyeletwa na mama yake kwa mkono. Tukawa saba, kisha kumi na mmoja, tukalazimika kufunga trela. Fundi alipata wasaidizi wawili wa kugonga. Mwenye Mzigo aliongezewa majerikeni matatu na akawa mkali. Tulipita Mombasa hadi Kampala na kurudi, tukaanza barabara ya Juba, ambayo mimi mwenyewe sijaipita, kwa hiyo tukaenda kuwauliza madereva.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa pili, niliwasindikiza hadi getini. Kabla ya kuingia, Fundi alinigonga nyayo mbele ya wenzake wote, bila aibu.

Nikaitika. Kisha nikarudi nyumbani kwa dada. Mlango ulikuwa wazi, pazia linapepea, na mabati yalikuwa yameanza kulia. Nikachota ndoo ya maji, nikapanda juu ya pipa.